Kufuatilia kitenzi cha Waslavi hadi chanzo chake: mwongozo kwa mfano wa *pьsati, “kuandika”

Chukua karatasi uandike maneno matatu, moja chini ya jingine: “pisha”, “picha”, “piša”. La kwanza ni letu tangu zamani, kama katika “nipishe nipite”. La pili ni letu pia, ingawa tulilichukua kwa Waingereza. La tatu ni la Kibulgaria. Herufi š husomwa “sh”, kwa hiyo neno zima linasikika karibu sawa na “pisha” yetu, na maana yake ni “naandika”. Sasa jibu kabla hujaendelea: kati ya yale mawili ya juu, lipi ni ndugu wa hili la tatu?

Sikio litakwambia “pisha”. Ndugu ni “picha”. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kulifikia jibu hilo hatua kwa hatua bila kubahatisha, kwa kufuata kitenzi kimoja tu: *pьsati, “kuandika” cha Kislavi mame, yaani lugha mama ya Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kibulgaria na wenzao. Nimekichagua kwa sababu kina fumbo ndani yake. Waslavi walipata alfabeti katika karne ya 9. Kitenzi hiki kina umri mkubwa kuliko alfabeti hiyo kwa maelfu ya miaka. Watu wasioandika walikuwa na kitenzi cha kuandika cha kazi gani?

Kabla ya kuanza: kinyota na herufi ngeni

Kinyota mbele ya neno kina maana moja: hakuna maandishi yoyote yaliyolihifadhi neno hilo, ila limejengwa upya kwa kulinganisha wazao wake. Wewe msemaji wa Kiswahili unaweza kuijaribu kazi hii leo hii nyumbani. Sisi tunasema “tatu”, Wanyarwanda “gatatu”, Waganda “ssatu”, Wakikuyu “ithatũ”, Wazulu “kuthathu”, Walingala “misato”. Hakuna aliyemsikia Mbantu wa kale akihesabu, lakini ukiyapanga maneno haya utaona shina *-tatu likijitokeza lenyewe. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha uchambuzi wa sauti za lugha za Kibantu kwa njia hii hii. Angalia jambo moja ambalo litakufaa baadaye: “th” ya Kikuyu na “th” ya Kizulu zinaandikwa sawa lakini hazitamkwi sawa. Soma sauti, usisome herufi.

Kwa kazi yetu utahitaji kujua hivi: š ni “sh”; č ni “ch”; ž ni kama “sh” iliyotiwa mghuno; ć na ś ni laini kuliko č na š; alama ' baada ya konsonanti huonyesha kwamba konsonanti hiyo ni laini. Alama ь ni “i” fupi mno, karibu ya kumezwa, na ъ ni “u” fupi ya namna hiyo hiyo. Alama ǫ ni “o” inayopitia puani, na ę ni “e” ya puani. Alama ḱ ni “k” iliyotamkwa mbele kinywani, ulimi ukiegemea kaakaa gumu. Jifunze pia alfabeti ya Kirusi, herufi 33. Siku chache zinatosha, na bila hiyo utabaki kutegemea watu wengine wakusomee.

Hatua ya kwanza: wakusanye walio hai, kila mmoja kwa maumbo mawili

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kukusanya kitenzijina peke yake. Daima chukua na umbo la “naandika”, kwa sababu ushahidi mwingi umejificha humo.

Kirusi: pisat', pišu
Kiukraine: pysaty, pyšu
Kibelarusi: pisac', pišu
Kipolandi: pisać, piszę (“sz” ya Kipolandi ni š)
Kicheki: psát, píšu
Kislovakia: písať, píšem
Kiserbia na Kikroatia: pisati, pišem
Kislovenia: pisati, pišem
Kibulgaria: piša
Kimasedonia: pišuvam

Ongeza Kisorbia, lugha ndogo ya Waslavi waliobaki mashariki mwa Ujerumani: wa Juu husema “pisać”, wa Chini “pisaś”.

Kibulgaria na Kimasedonia vimepoteza kitenzijina kabisa. Ukifungua kamusi ya Kibulgaria utakuta vitenzi vimeorodheshwa kwa “naandika”, na kamusi ya Kimasedonia huviorodhesha kwa “anaandika”, yaani “pišuva”. Usipolijua hilo utatafuta “pisati” mchana kutwa na kudhani kwamba lugha hizo hazina neno.

Na hapa tahadhari ya kweli kwa yeyote atakayelitamka neno la Kirusi mbele ya watu. Mkazo uwe kwenye silabi ya mwisho: pisáť. Ukiuweka mwanzoni, písať, umesema “kukojoa”. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda kusoma Moscow tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, na kitenzi hiki ni miongoni mwa vile mwanafunzi anavyovihitaji wiki ya kwanza. Jifunze mkazo pamoja na neno, si baadaye.

Hatua ya pili: mtafute anayeharibu safu

Tazama orodha tena. Lugha zote zenye kitenzijina zina irabu kati ya p na s ndani yake, isipokuwa moja: Kicheki, “psát”. Mtu mvivu atasema Wacheki wamelikata neno, akaendelea na safari. Usifanye hivyo. Katika kazi hii yule anayeharibu safu ndiye shahidi wa kusikilizwa kwanza, kwa sababu ukawaida hutengenezwa kila siku na wasemaji, lakini ukorofi kama huu hurithiwa.

Mpeleke kwenye maandishi ya zamani kabisa ya Waslavi. Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Cyril na Methodius, walitumwa Moravia, nchi iliyokuwa mashariki ya Ucheki ya leo, wakatafsiri vitabu vya ibada kwa lugha ya Kislavi kwa alfabeti iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Nakala tulizonazo ni za baadaye kidogo, karne ya 10 na ya 11. Ndani yake tunakuta “pьsati” kwa kitenzijina na “pišǫ” kwa “naandika”. Basi zilikuwako irabu mbili tangu mwanzo: ile fupi mno katika kitenzijina, na “i” kamili katika wakati uliopo.

Irabu hizo fupi zilikufa katika lugha zote za Kislavi kati ya karne ya 10 na ya 12 hivi, lakini hazikufa ovyo. Mcheki Antonín Havlík alieleza utaratibu wake mwaka 1889: hesabu kutoka mwisho wa neno, irabu fupi iliyo mwishoni kabisa, au iliyotangulia silabi yenye irabu kamili, hudondoka, iliyotangulia irabu fupi iliyodondoka huimarika na kubaki. Jaribu kwa neno *pьsъ, “mbwa”. ъ iko mwishoni, inaanguka. Ь iliyo mbele yake inaimarika, na Kicheki kinapata “pes”. Lakini “wa mbwa” ilikuwa *pьsa, yenye irabu kamili mwishoni, kwa hiyo ь inaanguka na unapata “psa”. Mpaka leo Mcheki husema “pes” na “psa”. Sasa weka *pьsati kwenye mashine hiyo hiyo: ь inatangulia a, irabu kamili, inaanguka, na kinachotoka ni “psati”, kisha “psát”. Kicheki hakikukata kitu kwa hiari yake. Kilitii kanuni.

Ni wengine waliofanya ukarabati. Walikuwa na “psa-” huku na “piš-” kule, wakaona ni usumbufu, wakaichukua “i” ya wakati uliopo na kuipeleka kwenye kitenzijina. Sisi tunafanya hivyo pia. Kiswahili cha vitabu kinasema “kwenda” na “ninakwenda”, lakini sikiliza mitaani, hasa Kenya, uhesabu mara ngapi utasikia “kuenda” na “ninaenda”. Msemaji anasawazisha maumbo ya kitenzi kimoja yafanane. Baada ya miaka mia tano mtafiti anayekuta “kuenda” kila mahali atamshukuru mtu aliyehifadhi “kwenda”.

Hatua ya tatu: eleza s inayogeuka š

Swali linalofuata: kwa nini “pisati” lakini “pišu”? Hapa Kiswahili kinakupa jibu mkononi. “Pita” tukiifanya isababishe, tunapata “pisha”. “Waka” inatoa “washa”, “anguka” inatoa “angusha”, “kumbuka” inatoa “kumbusha”. Kulikuwa na kiambishi cha kale chenye sauti ya “i” kilichoisukuma konsonanti kuelekea kaakaa, kisha chenyewe kikatoweka na kuacha “sh” kama alama ya nyayo.

Kislavi kilifanya jambo la namna hiyo hiyo kwa sauti j, inayotamkwa kama “y” yetu. Katika wakati uliopo j iliongezwa baada ya shina: *pisjǫ. Kisha s na j zikayeyuka pamoja zikawa š: *pišǫ. Usikubali maelezo haya kwa neno moja. Yadai kwa mengine. Kirusi “česat'”, “kuchana nywele”, kinatoa “češu”. “Plakat'”, “kulia”, kinatoa “plaču”. “Skazat'”, “kusema”, kinatoa “skažu”. Safu inasimama.

Basi š ya “piša” ilizaliwa kutokana na s, na sh ya “pisha” ilizaliwa kutokana na t. Rudisha kila neno nyuma hatua moja tu na unabaki na “pis-” upande mmoja na “pit-” upande mwingine. Ufanano uliokudanganya mwanzoni umekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kutolinganisha maneno ya leo moja kwa moja kati ya lugha zilizo mbali: kwanza virudishe vyote viwili kwenye umbo la kale unaloweza kulithibitisha.

Hatua ya nne: vuka mpaka wa nyumba

Sasa una mzizi wenye sura mbili, *pis- na *pьs-. Katika Kislavi “i” ndefu mara nyingi hutokana na *ei ya kale zaidi, na ь hutokana na *i fupi. Kwa hiyo nyuma yake kuna kitu kama *pei- kikipokezana na *pi-. Bado s. Katika ukoo mkubwa wa Kihindi-Kiulaya, ambamo Kislavi ni ndugu wa Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti na wengine, s ya Kislavi inaweza kuwa na wazazi zaidi ya mmoja. Tunayemtafuta ni ḱ. Jifunze tabia zake kwa neno “mia”: Kilatini “centum” (c ilisomwa k), Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, “hund”, Kisanskriti “śatam”, Kilithuania “šimtas”, Kislavi cha kale “sъto”. Thibitisha kwa “kumi”: Kilatini “decem”, Kigiriki “deka”, Kigothi “taihun”, Kisanskriti “daśa”, Kilithuania “dešimt”, Kislavi “desętь”. Kanuni imepatikana: palipo na k ya Kilatini na Kigiriki, weka h ya Kigothi, ś ya Kisanskriti, š ya Kilithuania na s ya Kislavi.

Mtego mdogo hapa. Neno letu “senti” linatokana na “centum” hiyo hiyo kupitia Kiingereza na Kifaransa, na linaanza kwa s kama “sto”, “mia” ya Kirusi. Usiihesabu s hiyo kuwa ushahidi. S ya “sto” ilitoka moja kwa moja kwenye ḱ. S ya “senti” ni k ya Kilatini iliyolainika Ulaya Magharibi karne nyingi baadaye. Zimekutana tu.

Ukiwa na kanuni mkononi, tafuta mizizi inayoanza na *pei- au *pi- ikifuatiwa na sauti inayotarajiwa katika kila lugha. Unapata hawa: Kilithuania “piešti”, “kuchora”. Kisanskriti “piṃśati”, “anapamba, anachonga umbo”. Kigiriki “poikilos”, “wenye rangi nyingi, wenye madoadoa”. Kigothi “filufaihs”, “wa namna nyingi”. Kilatini “pictus”, “kilichopakwa rangi”, kutokana na “pingo”, “napaka rangi”. N ya “pingo” ni kipachiko cha wakati uliopo, na haipo katika “pictus”. Ukifika hapa una haki ya kuandika *peiḱ- kwenye daftari lako, na kinyota chake.

Hatua ya tano: fuata maana, na uwe mkali kuliko ulivyokuwa na sauti

Soma tena maana za maneno hayo. Kuchora, kupamba, kupaka rangi, madoadoa. Kuandika hakumo. Ndani ya Kislavi chenyewe kuna mzao mwingine wa mzizi huu anayelisema jambo hilo hilo: *pьstrъ, “chenye rangi mchanganyiko”. T yake iliingia kati ya s na r, kama ilivyoingia katika “sestra”, “dada”. Kirusi wana “pëstryj”, Kipolandi “pstry”, Kicheki “pestrý”. Na kuna samaki wa mito ya baridi, trauti, mwenye madoa ubavuni: Kipolandi “pstrąg”, Kicheki “pstruh”, Kibulgaria “pъstъrva”. Waliokaa Aberdare au kwenye mito ya Mlima Kenya wanamjua, maana aliletwa huko wakati wa ukoloni. Kwa Wapolandi jina lake ni sifa ya ngozi yake, na limetoka kwenye mzizi ule ule wa “kuandika”.

Hili ndilo jibu la fumbo la mwanzoni. Kabla ya vitabu, *pьsati ilikuwa kazi ya kutia alama na rangi. Mtawa wa Bulgaria aliyejulikana kwa jina la Hrabar aliandika utetezi mfupi wa herufi za Kislavi, mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa ile iliyofuata. Anasema Waslavi walipokuwa wapagani hawakuwa na maandishi, bali walihesabu na kupiga ramli kwa mistari na mikato. Herufi zilipokuja, kazi mpya ilihitaji kitenzi, na kitenzi cha kutia alama kilikuwa tayari.

Watu wengi wanaofika hapa huleta ushahidi wa sanamu za kanisa. Kwa Warusi ikoni “huandikwa”. Mchoraji ni “živopisec”, “mwandika-uhai”, na picha ya mafuta pia “huandikwa” kwa mafuta. Ni ushahidi mzuri kuusikia, lakini mimi ningeuweka pembeni. Kigiriki “grapho” kinabeba maana zote mbili, kuandika na kuchora, na “živopisec” imefinyangwa kwa kufuata neno la Kigiriki “zographos”. Matumizi hayo yanaweza kuwa yaliingia pamoja na kanisa la Constantinople. Anayethibitisha ni Mlithuania na “piešti” yake, na yule samaki. Hao hawakujifunza kwa Wagiriki.

Daima tafuta pia safari ya maana ya namna hiyo hiyo mahali pengine, uone kama inawezekana. Wagothi walisema “meljan” kwa “kuandika”. Ndugu yake katika Kijerumani cha leo ni “malen”, “kupaka rangi”. Waajemi wa kale walikuwa na mzizi wetu wenyewe: katika maandishi ya mfalme Darius kwenye jabali la Behistun, yapata mwaka 520 kabla ya Kristo, “iliyoandikwa” ni “nipišta-”, na Kiajemi cha leo kimebaki na “neveshtan”, “kuandika”. Kumbe mzizi *peiḱ- uliipita njia hii zaidi ya mara moja.

Na sisi? “Andika” yetu ilitoka upande mwingine kabisa. Wazee bado wanasema “andika meza”, yaani panga vyombo na chakula mezani. Maana ya kupanga vitu kwa safu ndiyo ya zamani, na mstari wa herufi ukaingia humo. Mswahili alipoona ukurasa aliona mpangilio, Mslavi aliona madoa. Nikilifikiria hilo hupata hamu ya kuwauliza wenye lugha nyingine zote walichokiona.

Kuna mahali ambapo mambo haya mawili, kuchora na kuandika, yalionekana mikononi mwa mtu mmoja. Tarehe 26 Julai 1951, Novgorod, kaskazini-magharibi mwa Urusi, kundi la wachimbaji lililoongozwa na Artemy Artsikhovsky lilitoa ardhini barua ya kwanza iliyokwaruzwa kwenye gome la mti wa betula. Tangu siku hiyo zimepatikana zaidi ya 1,100 mjini humo: madeni, posa, maagizo ya nyumbani. Kijiti cha chuma au mfupa walichoandikia kiliitwa “pisalo”, mzizi wetu na kiambishi cha ala. Miongoni mwa magome hayo ni ya mtoto aitwaye Onfim, wa karne ya 13, anayekadiriwa kuwa na miaka sita au saba. Alijizoeza alfabeti, kisha akachora wapanda farasi na watu wenye vidole kama meno ya reki. Kwenye gome moja amechora mnyama na kumwandikia maneno yenye maana ya “mimi ni mnyama wa mwituni”. Ala ilikuwa moja kwa kazi zote mbili.

Mahali pengine ni Ukraine. “Pysanka” ni yai linalopambwa kwa Pasaka: unachora mistari kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, unalichovya yai katika rangi nyepesi, unachora tena, unachovya katika rangi nzito zaidi, mwisho unaiyeyusha nta na rangi zote zinajitokeza. Jina limetoka kwenye “pysaty”. Mafundi hawapaki, husema wanaliandika yai. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Hatua ya sita: panga wazao, ukijihadhari na majina yanayofanana

Sehemu hii ni rahisi ukikumbuka namna tunavyotumia k-t-b ya Kiarabu: kitabu, katibu, mkataba, maktaba. Waslavi huweka viambishi mbele. “Podpis”, “sahihi”, ni “andiko la chini”, na Wapolandi, Wacheki, Warusi na Wabulgaria wote wanalo (Waserbia husema “potpis”). Kirusi “opisat'” ni “kueleza”, “zapisat'” ni “kuandika usisahau”, “perepis'” ni “sensa”, “rukopis'” ni “mswada”, kwa maana ya “andiko la mkono”. “Letopis'” ni kumbukumbu za matukio ya miaka, kutokana na “leto”, lenye maana ya majira ya joto na ya mwaka. Kicheki “časopis” ni “gazeti la muda maalumu”, “andiko la wakati”. Waromania, ambao lugha yao si ya Kislavi, waliazima “pisanie” kwa maandishi yanayowekwa juu ya mlango wa kanisa.

Hatari iko kwenye “pismo”. Kwa Mrusi “pis'mo” ni barua, na kwa Mbulgaria na Mserbia vivyo hivyo. Mpolandi akisema “pismo” anaweza kumaanisha mwandiko, jarida au hati ya ofisi. Barua kwake ni “list”. Mrusi naye ana neno “list”, lakini ni jani au karatasi moja. Tena, Kipolandi “pisarz” ni mwandishi wa vitabu, wakati Kirusi “pisar'” ni karani, na mwandishi wa vitabu ni “pisatel'”. Andika maana ya kila lugha katika safu yake mwenyewe. Usinakili kutoka jirani.

Hatua ya saba: rudi kwa “picha”

Sasa tunaweza kulifunga lile swali la karatasi. Kilatini “pictus” kilitoa “pictura”, Waingereza wakalichukua neno hilo kwa kupaka rangi na matokeo yake, na t iliyofuatwa na u ikageuka “ch” midomoni mwao. Sisi tukalipokea likiwa na “kch”, tukaiacha k kwa kuwa hatupendi konsonanti mbili kugongana hapo, tukamaliza kwa a: “picha”. Angalia kilichotokea. Ile ḱ tuliyoifuata kwa shida kutoka Novgorod hadi Behistun imedondoka kabisa katika neno letu. Limebaki “pi” tu. Undugu wa “picha” na “pisat'” hauonekani kwa macho hata kidogo, na bado umethibitika, kwa sababu kila kiungo cha mnyororo kina ushahidi wake. “Pikseli”, ambalo ni neno changa la kompyuta lililotengenezwa kutokana na ufupisho wa neno hilo hilo la Kiingereza, limeihifadhi k.

Katika daftari andika kwamba “picha” ni neno la mkopo. Halikurithiwa kama “tatu”. Limeingia nyumbani kwetu likiwa limekua.

Na “pensili”? Inaanza na p, ni ala ya kuandikia, kila kitu kinashawishi. Inatokana na Kilatini “penicillus”, “kimkia”, jina la brashi ndogo ya manyoya. Haimo katika ukoo huu. Ifute.

Zoezi la kuanzia kesho ni *bьrati. Kicheki: brát, beru. Kirusi: brat', beru. Maana: “kuchukua”. Hapa Kirusi nacho kimeiangusha ь na hakikuikarabati. Anza na swali hilo, kwa nini Mrusi alisawazisha “pisat'” akaiacha “brat'” ilivyo, kisha uende Kilatini ukaitazame “fero” na Kisanskriti “bharati”.